Kombi Inapovuja Petroli: Kwa Nini Kuziba Tundu Hakutoshi

Petroli inapoanza kudondoka chini ya Kombi ya zamani, mwenye gari na fundi huuliza swali moja: inatokea wapi? Fundi hulala chini, hupapasa, huona mpira uliopasuka, hukata kipande, hufunga kingine, na gari huondoka. Kila mtu huridhika kwa muda. Kisha harufu hurudi, safari hii kwenye kiungo kingine, na kazi huanza upya. Ninachotetea katika sura hii ni kwamba utaratibu huo una kasoro tangu mwanzo, kwa sababu unalitazama tone na kuisahau njia iliyolileta. Tone huonyesha mahali petroli ilipopata upenyo. Halisemi lolote kuhusu viungo vingine vilivyo karibu kupasuka. Katika injini ya Kombi njia ya petroli ni fupi, vipuri vyake ni vichache, na mara nyingi vimechoka kwa pamoja. Kwa hiyo kazi inayostahili kulipiwa ni kubadilisha njia nzima, kutoka tangi hadi kabureta, kwa wakati mmoja na kwa vipuri vya daraja moja.

Gari hili si geni katika ukanda wa barabara ya Thika, nchini Kenya. Volkswagen ilianza kuliunda mjini Wolfsburg mwezi Machi 1950, ikahamishia kazi hiyo Hannover mwaka 1956, na Brazil ikaendelea nayo hadi mwishoni mwa 2013. Huku kwetu jina la Volkswagen lilikuwa limejengwa kwenye vumbi la mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari: Beetle ilishinda mwaka huo, kisha 1954, 1957 na 1962, kwa injini ya nyuma inayopozwa kwa upepo, ndugu wa ile iliyowekwa kwenye Kombi. Familia, misheni na kampuni za kutembeza watalii zikaiamini. Thika nako kulijengwa kiwanda cha kuunganisha magari katika miaka ya 1970, kikiitwa Leyland Kenya, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, na ambako Volkswagen ilirudi mwaka 2016 kuunganisha Polo Vivo. Kati ya Thika na Nairobi ndipo ilipo Mwiki, wadi ya eneo bunge la Ruiru inayopakana na Kasarani. Sheria ya kutoingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8 ina maana kwamba Kombi nyingi utakazokuta zikitengenezwa katika gereji za huku zimeishi nchini kwa miongo. Zimepita mikononi mwa wenyewe wengi na mafundi wengi, na kila mmoja ameacha kiraka chake.

Ili hoja yangu ieleweke, ni lazima kwanza tuifuate petroli yenyewe. Katika Kombi ya injini ya 1600 yenye kabureta, tangi limekaa nyuma, likitenganishwa na chumba cha injini kwa ukuta wa bati. Petroli hutoka kwenye shingo iliyo chini ya tangi, hupita kwenye mpira na bomba la chuma, huingia chumba cha injini, hufika kwenye pampu ndogo inayosukumwa na kijiti kinachochezeshwa na injini, kisha hupanda kwa mpira mwingine hadi kwenye kabureta ya Solex juu ya injini. Karibu kabisa na pampu hiyo imesimama distributa, inayogawa umeme wa plagi. Chini yake kuna mabomba ya moshi yenye joto kali, na juu kuna feni kubwa inayovuta hewa ya chumba chote na kuipuliza kwenye silinda. Tangi likijaa, petroli huwa juu ya usawa wa pampu, kwa hiyo mpira ukikatika hapo chini, petroli inaweza kuendelea kutiririka hata baada ya injini kuzimwa. Dereva, aliyekaa mbele kabisa ya gari, ndiye wa mwisho kujua.

Wapo wanaosema tone moja moja si jambo la kutisha, kwani petroli hukauka upesi. Hilo la kukauka ndilo lenye hatari. Petroli iliyokauka haikupotea. Imegeuka mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto. Hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati dizeli huhitaji kupashwa hadi zaidi ya nyuzi 50. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, kwa hiyo hushuka, hutambaa na kujikusanya mahali pa chini. Unapofikia asilimia 1.4 tu ya hewa, mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Hesabu yake ni rahisi. Kijiko kimoja cha chai cha petroli kikigeuka mvuke chote hutoa karibu lita 1 ya mvuke, na lita hiyo inatosha kuifanya hewa ya zaidi ya lita 60 iwe tayari kuwaka. Mpira unaodondosha tone kila sekunde moja humwaga zaidi ya nusu lita usiku mmoja. Anayeiacha Kombi ya namna hiyo ndani ya ua uliofungwa ametega moto chini ya dirisha la mtu.

Mazingira ya Mwiki yanalifanya jambo hili lisiwe la mwenye gari peke yake. Nyumba za kupangisha zimesongamana, magari hulala kwenye nyua za ploti, na gereji ya kando ya barabara hupakana na mchomeleaji vyuma upande mmoja na mama mwenye jiko la makaa upande mwingine. Nairobi ilijifunza kwa uchungu jinsi petroli inavyoufuata moto mahali ulipo. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye miundombinu ya kampuni ya Kenya Pipeline iliingia kwenye mtaro uliopita katika mtaa wa Sinai, ikashika moto, na watu wapatao 100 wakafa. Kiasi kilichomwagika Sinai hakilinganishwi na kile cha tangi la gari, na sitaki kuitumia misiba ya watu kuwatisha wasomaji. Lakini tabia ya petroli ni ileile kwenye mtaro wa Sinai na chini ya Kombi: hushuka, husambaa mbali na pale ilipotoka, na huwashwa na moto ambao mwenyewe hakuufikiria.

Sasa tuutazame mpira, kwa sababu ndio ushahidi mkuu wa hoja yangu. Mipira ya petroli haizeeki kwa sababu ya kutumiwa tu. Petroli huinyonya baadhi ya kemikali zinazoifanya iwe laini. Ikiwa imejaa petroli huvimba kidogo na kuonekana mizima. Gari likisimama muda mrefu bila kuwashwa, mipira hukauka, hunywea, huwa migumu na kupasuka. Ndiyo maana Kombi iliyokaa miaka kadhaa huweza kuvuja siku ileile inapofufuliwa. Juu ya hapo kuna joto. Injini inayopozwa kwa upepo ikizimwa, feni nayo husimama, na joto la silinda hupanda katika chumba kisicho na upepo tena. Kila kipande cha mpira kilicho humo hupikwa kwa joto lilelile, kwa petroli ileile, kwa miaka ileile. Basi kipande kimoja kinapopasuka, kile kilichofungwa pamoja nacho kina kila sababu ya kufuata. Anayebadilisha kimoja na kuviacha vitatu amevibakiza vipande vilivyo dhaifu na kuvisubiri vijitangaze.

Viraka vingine huongeza tatizo. Utepe wa tyubu ya tairi hupendwa sana kwa kufungia kwa sababu unavutika na unabana, lakini mpira wa tyubu haustahimili petroli: hulowa, huvimba, hulegea, na kifungo hukwisha nguvu. Kipande cha sabuni kilichosuguliwa kwenye tundu la tangi kinaweza kukufikisha gereji, na hapo kazi yake inaishia. Klipu pana za kukaza kwa bisibisi, zilizotengenezewa mipira mikubwa ya maji, hukata mpira mwembamba wa petroli pale fundi anapozikaza zaidi ili kuzuia tone. Upo pia mpira wa maji au wa hewa unaofungwa mahali pa mpira wa petroli kwa sababu unene wake umelingana. Kila kiraka cha aina hii kina historia moja: tone lilisimama, kazi ikahesabiwa imekwisha.

Msomaji makini atapinga hapa kwamba si kila uvujaji hutoka kwenye mpira. Ni kweli, na pingamizi hilo linaipa hoja yangu nguvu. Kwenye kabureta ya Solex, kijibomba cha shaba nyeupe au ya manjano ambamo petroli huingilia kimeshindiliwa tu ndani ya mwili wa kabureta. Baada ya miaka ya joto na mtikiso kinaweza kulegea na kuchomoka chenyewe kikiwa na mpira wake uliofungwa vizuri kabisa, na pampu ikaendelea kumwaga petroli juu ya injini yenye moto. Filta ya plastiki inayoning'inizwa kati ya pampu na kabureta huongeza uzito na viungo viwili zaidi mahali pabaya kuliko pote. Inafaa ihamishwe nje ya chumba cha injini, upande wa tangi. Pampu nayo ina utando ndani yake. Ukitoboka, petroli huweza kushuka ndani ya injini na kuchanganyika na oili badala ya kudondoka chini. Dalili yake ni kijiti cha oili kinachonuka petroli na kuonyesha oili imeongezeka bila mtu kuiongeza. Makosa haya yote huwezi kuyaona ukilala chini ya gari ukitafuta tone. Huonekana pale tu fundi anapoamua kuikagua njia nzima.

Kazi yenyewe basi ifanywe hivi. Injini iwe baridi, gari liwe mahali penye upepo, mbali na jiko na mchomeleaji, na waya hasi wa betri uondolewe kabla ya kitu kingine. Mwanga uwe wa tochi. Ukaguzi ufanyike katika hali tatu, kwa sababu kila hali hufichua kiungo tofauti: tangi likiwa limejaa na injini imezimwa, ili shingo ya juu, mipira ya kupumulia na shingo ya chini vijionyeshe, injini ikiwa imewashwa kwa muda mfupi, waya wa betri ukiwa umerudishwa, ili pampu isukume na viungo vya kabureta vipimwe, kisha baada ya injini kuzimwa na joto kupanda. Mahali pakavu pakipakwa poda nyeupe, petroli huacha njia yake ikionekana wazi. Baada ya hapo betri itolewe waya tena, petroli imwagwe kwenye debe la chuma lenye kifuniko, na mipira yote itolewe, mizuri kwa mibaya. Mipya iwe na maandishi ya daraja lake ubavuni. R9 ni daraja linalostahimili petroli ya kisasa na hata yenye ethanoli. Hili la mwisho si la kupuuza. Kenya iliwahi kuuza petroli iliyochanganywa na ethanoli ya Muhoroni katika miaka ya 1980, na Brazil imeendesha magari yake kwa mchanganyiko wa aina hiyo kwa miongo. Mpira wa zamani haukuundwa kwa ajili yake. Kwa kuwa maandishi yanaweza kughushiwa, kata kipande kidogo cha mpira ulionunua, kiloweke kwenye petroli siku kadhaa, ukilinganishe na kile kisicholoweshwa. Kikivimba sana au kikilegea, usikifunge kwenye gari. Tundu la ukuta wa bati lipewe raba ya kuzuia bati lisiukate mpira, klipu ziwe za ukubwa wa mpira mwembamba na zenye ukingo laini, na kijibomba cha kabureta kivutwe kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, kabureta haifai mpaka kijibomba hicho kirekebishwe.

Pingamizi zito kuliko yote ni pesa. Mtu anayepata riziki yake siku kwa siku atauliza kwa nini anunue mita kadhaa za mpira wakati kilichopasuka ni kipande cha urefu wa kidole. Jibu langu ni kwamba katika kazi hii mpira si gharama kubwa. Gharama kubwa ni fundi kulifungua gari, kulisafisha na kulifunga, pamoja na siku ambayo gari halifanyi kazi. Anayerekebisha kiungo kimoja mara nne hulipia ufunguzi mara nne, na huendesha gari linalovuja katika kila kipindi kilicho katikati. Hata hivyo nakubali kwamba wapo wasioweza kulipa kila kitu kwa mpigo. Kwao ipo namna ya kugawa kazi bila kudanganyana: kila kilicho ndani ya chumba cha injini kibadilishwe kwanza, leo, kwa sababu ndiko kuliko na cheche na joto, upande wa tangi ufuate mwezi ujao. Lisilogawanyika ni kuliendesha gari linalovuja, kwa kuwa hapo anayelipa gharama anaweza kuwa abiria au jirani.

Wengine hudai kwamba magari huungua kwa sababu ya umeme, kwa hiyo tutazame nyaya na tuiache petroli. Nyaya mbovu zinastahili kutazamwa, lakini hoja hiyo inagawanya kitu kisichogawanyika. Moto huhitaji kiwashio na kitu cha kuungua. Injini ya petroli haiwezi kufanya kazi bila cheche: zipo kwenye plagi, kwenye distributa, kwenye dainamo. Hatuwezi kuziondoa. Tunachoweza kuondoa ni mvuke unaozunguka nje ya mahali pake. Tena injini za Kombi nyingi za zamani zina mwili wa aloi ya magnesiamu, madini ambayo yakishika moto huwaka kwa ukali, na maji huzidisha. Kizima-moto cha poda kikae karibu na dereva, lakini kisihesabiwe kuwa matengenezo.

Wapenzi wa magari ya kale wana pingamizi la aina nyingine: wanataka Kombi ibaki kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na mpira wake mweusi uliofunikwa kwa uzi. Naiheshimu hamu hiyo. Nchi ambayo imekuwa na maonyesho ya Concours d'Elegance tangu 1970 inajua thamani ya gari lililotunzwa. Lakini mpira wa petroli, kama tairi na mkanda wa feni, uliundwa uishe na ubadilishwe. Isitoshe, uzi huo wa nje huficha nyufa za mpira ulio ndani mpaka petroli ianze kulowesha. Anayeutaka kwa sura yake na aununue mpya, wa daraja linalofaa, akijua kwamba macho hayatamsaidia kuukagua na kwamba lazima aubadilishe mapema zaidi. Kwa upande wa pili wapo wanaotaka kuikimbia shida kwa kufunga pampu ya umeme. Pampu hiyo ina faida zake, ila isipowekewa swichi ya kuikata, huendelea kusukuma petroli hata injini ikizimika ghafla katika ajali, na kuifunga kwenye mipira ya zamani ni kuipa mipira hiyo mzigo ambao imeshaonyesha haiuwezi.

Kuhusu mafundi wa jua kali, ningependa hoja yangu isigeuzwe lawama juu yao. Fundi wa gereji ya Mwiki mara nyingi ameshika Kombi nyingi kuliko mhandisi wa ofisini, na pua yake hutambua petroli kabla ya chombo chochote. Ustadi wake unaweza pia kupimwa na kutambuliwa rasmi kwa mitihani ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, hata kama alijifunzia kazini. Anachokosa ni mteja anayemlipa kwa kazi nzima. Tunapomwambia "ziba hapo tu," kisha tukabishana naye bei ya kuziba, tumemfundisha kwamba ukaguzi haulipwi. Akipendekeza kubadilisha mipira yote tunamshuku kwamba anatafuta pesa. Dawa ya shaka hiyo ni uwazi: makubaliano yataje njia nzima ya petroli, mwenye gari anunue au aone vipuri kabla havijafungwa, arudishiwe vya zamani, na mipira mipya iandikwe tarehe kwa rangi. Fundi mwaminifu atanufaika, na mteja atakuwa na ushahidi mkononi.

Sheria ya Trafiki inakataza gari bovu linalohatarisha watu kuwa barabarani, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ina vituo vya ukaguzi. Lakini ukaguzi wa serikali huliona gari kwa dakika chache za siku moja, na mpira uliofaulu siku hiyo unaweza kupasuka kabla ya siku nyingine ya ukaguzi kufika. Jukumu linabaki kwa mwenye gari, na linahitaji abadilishe jambo moja la msingi: aache kungoja harufu imwite, afuate tarehe. Miaka 5 ni mpaka wa busara kwa mipira bora. Uwe mfupi zaidi ikiwa gari husimama muda mrefu au mipira imefunikwa kwa uzi. Siku hiyo ikifika, ibadilishwe yote, iwe inavuja au haivuji. Huo ni utaratibu ambao gereji ya kando ya barabara inauweza kwa vifaa ilivyo navyo sasa, na ndio utakaoziwezesha Kombi zilizobaki kuendelea kubeba watu bila kuwaweka hatarini wanaopanda na wanaoishi karibu nazo.